Kiwiko Kisichonyooka

Vijana wangu, ninyi mnaoingia kazini na bastola kiunoni na video za kulenga shabaha kwenye simu, hamjambo. Kabla sijawafundisha neno lolote, mjue anayewafundisha ni mtu wa aina gani. Mimi ni sajini mstaafu wa polisi. Nimefanya kazi Kitale, nikafanya Bungoma, na kwa miaka mingi nilikuwa msaidizi wa mkufunzi kwenye uwanja wa shabaha. Msinisifu bado. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nilijua kuhesabu. Kupiga sikujua.

Mama yangu aliuza viazi sokoni Kitale, sisi tukiishi Kibomet. Mtoto wa muuza viazi huhesabu kila kitu mara mbili: mara moja kwa ajili yake, mara ya pili mbele ya macho ya mteja ili kelele zisije baadaye. Kwenye uwanja wa shabaha tabia hiyo ni dhahabu. Risasi zilizotoka ghalani lazima zilingane na maganda yaliyookotwa kwenye nyasi, na ganda moja likipotea, hakuna anayekwenda kula. Mimi nimepiga magoti kwenye nyasi nikitafuta maganda mara nyingi kuliko nilivyopiga magoti kanisani. Naomba pasta wangu aruke ukurasa huu.

Sasa kuhusu kupiga kwenyewe. Zamani tulifundishwa kusimama kama mlingoti wa bendera: kifua mbele, mkono wa kulia umenyooka mpaka mwisho, wa kushoto umekunjwa mgongoni kana kwamba unaficha peremende. Ukionekana vizuri, ulihesabiwa umepiga vizuri. Mimi nilionekana vizuri sana. Shida ni kwamba mkono wangu ukinyooka hutetemeka kama mfuniko wa sufuria ya maharagwe. Katika mtihani wangu wa kwanza karatasi yangu ilibaki safi, hata mwalimu wa shule angeweza kuiandikia. Ya jirani yangu ilikuwa na matundu mengi kuliko risasi alizopewa.

Jirani huyo alikuwa Koplo Ramadhani, mwenyeji wa Bungoma mjini, nyumba yao ikiwa hatua chache tu kutoka msikitini. Aliitazama karatasi yake, akaitazama yangu, akanitazama mimi.

"Ndugu yangu," akasema, "nashukuru kwa mchango wako. Lakini harambee yangu ni Jumamosi."

Tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu, nadhani kwa usalama wake mwenyewe. Neno lake la kwanza sijalisahau: "Unauambia mkono utulie, na mkono si mtoto wa kuambiwa. Utulivu unakaa mwilini. Mwili ni meza, mkono ni kikombe. Meza ikitikisika, utakilaumu kikombe?"

Ramadhani alikuwa na mbinu ambazo hazikuwa kwenye mafunzo yoyote. Ya kwanza ilikuwa ile kamba tunayofunga kwenye kitako cha bastola ili isianguke. Watu wengi huiona ni mapambo. Yeye aliipitisha shingoni, akaipima urefu, kisha akasukuma bastola mbele kwa mikono miwili mpaka kamba ikakazika. Mikono inasukuma, shingo inavuta, na katikati ya ugomvi huo bastola inatulia tuli. Nilipojaribu mimi, kwa kuwa mtu wa soko hapendi kupoteza kamba, niliikata fupi. Nilipofyatua, bastola ikaruka kama kawaida yake, kamba ikanivuta shingo, kofia ikaondoka, nami nikakohoa mpaka Ramadhani akaniuliza kama niliyekuwa nimemlenga ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo kamba iwe na urefu wa kuacha mikono ikunjike kidogo kwenye kiwiko. Ukijinyonga, usiseme hukuambiwa.

Mbinu ya pili ni kuegemea. Kama kuna ukuta au nguzo, usisimame peke yako kama yatima. Lakini sikilizeni hapa, maana wengi hukosea: unaegemeza bega, au mgongo wa mkono, siyo bastola. Chuma kikigusa ukuta, kitaruka upande wakati wa kufyatua na risasi itakwenda kusalimia watu wasiokujua. Mwili uguse ukuta, bastola iguse hewa. Na kabla ya kuegemea, tazama unachoegemea. Siku moja niliegemea mkaratusi pale uwanjani nikiwaonyesha askari wapya jinsi mzee wa kazi anavyotulia. Nilikuwa nimetulia kweli, nimeshusha pumzi, kidole kiko kwenye triga, ndipo siafu wa mti ule wakaingia kwenye mkono wa shati. Niliweka bastola chini salama, hilo mnipe, halafu nikavua shati mbele ya kikosi kizima, wanawake kwa wanaume. Askari mmoja akauliza kwa heshima, "Afande, na sisi tuvue?"

Ya tatu ni kukaa chini: mgongo kwenye ukuta, magoti juu, mikono ikiegemea ndani ya mapaja juu kidogo ya magoti. Mfupa usikae juu ya mfupa, maana kiwiko juu ya goti huteleza. Nyama iegemee nyama. Mkono wa kulia ushike bastola kama yai la kuku wa jirani, wa kushoto ndio ukaze. Nanyi mnaolaza bastola kabisa ubavuni kama kwenye filamu, mnachekesha. Ila kuna ukweli mdogo ndani ya ujinga huo. Ukipiga kwa mkono mmoja, kuiinamisha kidogo tu kuelekea ndani, kama mtu anayechungulia saa yake, kunaupa mkono nguvu na kunausaidia mkono unaotetemeka. Kidogo. Ukizidisha hapo, unalenga mashamba ya watu.

Na pumzi. Hapa ndipo soko lilipooana na polisi. Mama alinifundisha kwamba ukishataja bei, nyamaza. Mtu wa kwanza kuongea ndiye anayepunguza. Basi vuta pumzi, itoe nusu, nyamaza, na ndani ya ukimya huo kidole kivute triga polepole kama unavyotoa noti ambayo hutaki kuitoa. Ukiharakisha, umeuza kwa hasara. Risasi haina kurudishiwa chenji.

Kwa mbinu hizo nilifaulu mitihani yangu, mara nyingi kwa alama ambazo ukizitazama haraka utadhani ni sifuri zilizokosa adabu. Ramadhani akastaafu kabla yangu, nami nikaachiwa mbinu zake nikaanza kuwauzia askari wengine. Nikajiona bingwa. Mwenye mkono mrefu nilimwekea kamba, mwenye mgongo mbovu nilimtafutia ukuta, na aliyekuwa mzima kabisa nilimtafutia shida ili nimwekee dawa.

Ndipo akaja Konstebo Nasimiyu.

Nasimiyu ni mtoto wa Kimilili, na alikuwa kwenye kikosi cha kusindikiza mahabusu kortini Bungoma. Alianguka na pikipiki ya kazi kwenye utelezi wa barabara ya Cheptais, mkono wa kulia ukavunjika, ukaunga vibaya. Kiwiko hakikunyooka tena. Kilibaki kimekunjika kama cha mtu anayebeba kikapu. Kikosi kile ni cha bastola, na mwenye bastola lazima afaulu mtihani wa shabaha. Alikuwa amejaribu mara moja akashindwa. Inspekta wetu, mtu wa haki lakini mkavu kama bisikuti ya dukani, akamwambia mbele yangu: "Unayo nafasi moja. Ukishindwa, unarudisha bastola na jina lako linaenda kwenye orodha ya uhamisho. Watakupeleka wanakohitaji watu, na huwa wanahitaji watu mbali."

Nasimiyu hakulia. Alisubiri Inspekta aondoke, akaniambia, "Afande, nikihamishwa, mama yangu anabaki na nani?"

Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja ulikuwa umelala, na Nasimiyu ndiye aliyemwogesha, akamlisha, kila siku akitoka Bungoma kurudi Kimilili. Hakukuwa na mwingine. Kwa hiyo mjue tangu sasa kilichokuwa kwenye ile karatasi ya shabaha: alikuwa mama wa mtu.

Nikamwambia, "Usijali. Huo mkono tutaunyoosha."

Ona ujinga wa mtu mzima. Mimi niliyeteswa na mkono ulionyooka, nikaanza kumtesa mwenzangu anyooshe wake. Lakini sikuona hivyo. Niliona nina dawa. Nilimletea kamba, kiwiko kikakataa kusukuma. Nilimtafutia ukuta, akaegemea, bastola ikatazama angani. Nilimkalisha chini, mkono haukufika kwenye paja. Nikaanza kupatana na kiwiko chenyewe, ninyi mnacheka lakini ni kweli, kama napatana na mwenye nyanya. "Nyooka kidogo tu. Kidogo tena. Nipe robo."

"Afande," akasema, jasho likimtoka, "hiyo ndiyo bei ya mwisho."

"Huwezi kuongeza?"

"Huu mkono hauna akiba, bana."

Nikamkanda kwa mafuta ya moto. Nikamtafutia kibao cha kufungia. Siku moja kabla ya mtihani nilifika na mkanda wa mpira nilioununua soko la mitumba pale Kitale, nikiwa nimeukata bei mpaka muuzaji akaniuliza kama nina watoto. Nasimiyu aliutazama ule mkanda, akanitazama.

"Afande, naomba nikwambie kitu na usikasirike."

"Sema."

"Wewe unauza hata kile ambacho mteja hana pa kukiweka."

Nikakasirika. Nilimwambia kwamba mbinu hizi zimefaulisha watu wazima. Akasema anajua. Nikamwambia ana siku moja. Akasema anajua. Nikamwambia basi achukue hata kamba peke yake, nimpunguzie hayo mengine. Akacheka, akasema, "Kesho, afande, wewe simama tu nyuma yangu uhesabu. Kuhesabu unajua."

Asubuhi ya mtihani kulikuwa na upepo unaoshuka kutoka mlimani, ule unaofanya karatasi za shabaha zipige makofi. Risasi kumi, saba ziingie ndani ya duara. Nasimiyu akapewa bastola, akaikagua, kidole kikiwa nje ya triga kama inavyotakiwa. Halafu akafanya kitu ambacho sikumfundisha.

Hakukabili shabaha. Aligeuka nusu, bega la kushoto mbele, miguu imetanuka, magoti yamelegea. Kile kiwiko cha kulia akakibana ubavuni, kikakaa pale kama kimepata nyumba yake. Bastola akaileta karibu na uso, imeinama kidogo kuelekea ndani, mkono wa kushoto ukiivuta kwake na wa kulia ukiisukuma. Akalenga kwa jicho la kushoto. Akainama kutoka kiunoni. Alionekana kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Simamisha!" Inspekta akasema. "Konstebo, hiyo ni nini? Unapiga shabaha au unapiga picha?"

"Napiga shabaha, afande."

"Simama wima. Nyoosha mkono."

"Haunyooki, afande."

Inspekta akanigeukia. "Sajini, wewe ndiye umemfundisha hivi?"

Nilikuwa nimeona jambo moja lililonitisha: bastola ikifyatuliwa, kile chuma cha juu hurudi nyuma kwa nguvu, na uso wake ulikuwa jirani. Nikapiga hesabu ya nafasi kwa macho, nikaipiga tena. Ilikuwa imebaki kama shibiri moja. Ilitosha. Na nilikuwa nimeona jambo la pili. Ncha ya bastola haikutikisika. Upepo ulitikisa karatasi, ulitikisa suruali yangu, lakini ile ncha ilisimama kama msumari ukutani.

"Afande," nikasema, "tuelewane. Mtihani ni risasi ziingie, na bastola iwe salama. Bastola iko salama. Mwache apige."

"Na ikimgonga uso?"

"Nitaandika maelezo mimi."

"Na akishindwa?"

Hapo mtu wa soko ndani yangu aliniambia ninyamaze. Nilikuwa nimebakiza majuma machache tu nistaafu kwa heshima. Lakini mdomo ulishatangulia. "Akishindwa, mimi namalizia kazi yangu langoni, nikifungulia magari."

Inspekta akarudi nyuma ya mstari. "Hiyo ni bei nzuri," akasema. "Piga."

Risasi ya kwanza ikatoka nje ya duara, kushoto. Ya pili pia, kushoto, karibu na mwenzake. Moyo wangu ukaanza kufungua lango na kulifunga. Nilitaka kupiga kelele, inamisha kidogo zaidi, hapana, inua, hapana, chukua kamba! Kamba niliyo nayo mfukoni mwangu! Nikajiuma ulimi. Nasimiyu hakugeuka. Alitoa pumzi, akasogeza mguu wa nyuma kidogo tu, mwili wote ukageuka nao kama mlango kwenye bawaba, kiwiko kikibaki palepale ubavuni. Mkono haukurekebisha kitu chochote. Meza ndiyo ilihama.

Ya tatu ikaingia. Ya nne. Sasa akapiga kwa mwendo mmoja, bila haraka na bila kuchelewa, na bastola ikawa inaruka na kurudi mahali pake kama mbuzi aliyefungwa. Alipomaliza, akatoa magazini ya risasi, akaonyesha chemba tupu, akaiweka bastola mezani.  

Tulikwenda kwenye karatasi, Inspekta na mimi. Akahesabu. Nikahesabu. Akanisubiri, kwa kuwa ananijua, nikahesabu tena.

"Nane," akasema.

"Nane, afande."

"Sura mbaya," Inspekta akasema akiandika, "lakini zimeingia. Abaki kwenye kikosi." Halafu akanitazama kwa jicho ambalo sikulizoea. Ilikuwa heshima. "Sajini, hii mbinu umeitoa wapi?"

Vijana, nitawaambia ukweli: nilifungua mdomo. Miaka yote nilingojea swali hilo. Lakini Nasimiyu alikuwa amesimama pale, shavu likiwa na masizi ya baruti, akiningojea kwa adabu kuona nitalipia au nitakopa.

"Si yangu, afande," nikasema. "Mimi nilikuwa upande wa upepo, nikimsumbua tu."

Inspekta alipoondoka nikamuuliza Nasimiyu mwenyewe. Akatazama chini.

"Si ni ugali tu, afande."

"Ati ugali?"

"Mama alipopata kiharusi, mimi ndiye nasonga. Na huu mkono haukuweza kusonga vile watu wanasonga. Unga ukikaza, unanishinda. Sasa nikaona nikibana kiwiko hapa kwa mbavu, nikainama, nguvu inatoka kiunoni. Mwiko hautikisiki hata kidogo. Nikasema, kama hautikisiki kwa ugali, kwa nini utikisike kwa bastola? Basi jioni nikimaliza kusonga, nilikuwa nalenga na mwiko."

"Unalenga nini?"

"Kalenda, ukutani. Mama alikuwa ananitazama, anafikiri nimechanganyikiwa."

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Nilirudisha bastola ghalani bila kuujaribu mtindo ule hata mara moja, kwa sababu ya aibu, na aibu ni mwalimu anayechelewa kufika darasani. Nilipokaa nyumbani Kibomet wiki nzima bila kitu cha kuhesabu, ikaanza kuniuma. Nikafunga safari mpaka Kimilili, na kilo mbili za sukari kama desturi.

Nikamkuta Nasimiyu jikoni, mama yake kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mguu mmoja umeinuliwa kwenye mto. Nikawasalimu, nikakaribishwa, nikanywa chai. Halafu nikajikaza nikasema nilichokijia: anionyeshe ule mkao. Nasimiyu hakucheka mbele yangu. Akanipa mwiko. Unga ulikuwa umeshatiwa, maji yanatokota, ugali unaanza kukaza.

Nikasimama kama nilivyofundishwa, kifua mbele. Mwiko ukakwama. Nikanyoosha mkono nikasukuma, sufuria ikazunguka pamoja na ugali. Nikaanza kueleza kwamba moto ni mkali mno, kwamba unga huu si wa kinu, kwamba mwiko wenyewe ni mfupi.

Mama yake alikuwa akinitazama muda wote huo. Maneno yake siku hizo yalitoka moja moja, yakivutwa kutoka upande mmoja wa mdomo.

"Mwanangu," akasema. "Songa na kiuno. Si na mdomo."

 Nikageuka nusu, nikatanua miguu, nikabana kiwiko ubavuni, nikainama. Na hapo, vijana, nikauona. Mkono uliotetemeka tangu ujana wangu ukatulia. Mwiko ukazunguka kwenye ule unga mgumu bila kutikisika, kama niliyezaliwa nao. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kushika bastola: kwa mwiko, wiki moja baada ya kurudisha bastola.

Nilifurahi, nikausonga kwa ufundi wote, nikaugeuza kwenye sahani, nikauweka mbele ya mama kwa mikono miwili. Nasimiyu akamega tonge, akamlisha. Mama akatafuna polepole, akameza, akafikiri.

"Mbichi," akasema.

"Mama," Nasimiyu akamnong'oneza, "huyu ni afande wetu."

Mama akageuza kichwa akanitazama vizuri, kuanzia viatu mpaka kofia.

"Afande," akasema. "Ni mbichi."